Kiti, Ambia Mukwe Wangu

Mkono ule haukuwa wa Gaspard.

Najua. Wiki nzima mmenilaani sokoni na kwenye foleni ya maji kwa sababu nilimwacha Edmond ameinama juu ya diski iliyofunguliwa, bisibisi mkononi, na nyuma yake mkono wa mtu umeshika pazia. Kuna mmoja wenu ameapa hatanunua gazeti hili tena. Nunua tu, ndugu yangu. Mkono wenyewe ulikuwa wa mama mzee, una unga wa muhogo kwenye kucha.

Ulikuwa mkono wa Mama Henriette, mama mkwe wake.

"Eh Yezu!" Mama aliliachia pazia kama limemuunguza. Akageuka, akajifunika uso kwa kitenge, akachuchumaa sakafuni. "Nimeona mugongo yake! Mukwe wangu, nimeona mugongo yake!"

Msicheke. Kwa watu wa ukoo huo, mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni. Si chuki, ni heshima, na Mama Henriette ni mwanamke wa heshima kuliko paroko. Tangu amwoze binti yake Falone kwa huyu fundi wa ordinateri, yaani kompyuta, hajawahi kuuona uso wa Edmond. Siku ya arusi yenyewe alikaa amewapa mgongo. Anachokijua cha mkwe wake ni miguu, na miguu anaijua kwa kandambili: za buluu, kamba moja ilikatika ikafungwa kwa waya mwekundu.

Akiwa na neno la kumwambia, haongei naye. Anaongea na kiti cha mbao kilichowekwa mbele ya pazia, na pazia halifiki chini. Kiti ndicho kinachobeba ujumbe. Edmond naye hamjibu kwa mdomo. Anapiga makofi taratibu, kwa, kwa, kwa, maana yake nimesikia, mama.

Na zile kandambili hazitoki kwenye karakana. Kila anayeingia nyuma ya pazia anaacha viatu vyake mlangoni na kuvaa hizo, kwa sababu vumbi la Kalemie na diski iliyofunguliwa haviwezi kukaa chumba kimoja.

"We kiti," Mama alisema akitweta, uso ukutani, "ambia mukwe wangu Gaspard anajua."

Makofi hayakulia.

"Kiti, ambia yeye natoka ku prizo, nimepelekea Onésime chakula. Mulinzi moja amenicheka. Amesema, 'Mama, ile diski ya muntu wa video, Papa Gaspard anajua iko kwa fundi gani.' Kiti, usinyamaze! Mutoto wangu banamusomea hukumu leo muchana, kisha midi!"

Bado makofi hayakulia, na sababu ni hii. Mama alipolivuta pazia kwa papara, upepo wa mlangoni uliingia. Chini ya chandarua alichokitundika juu ya meza ili kuzuia vumbi, Edmond alikuwa akiangalia chembe moja ya vumbi ikishuka pole pole, ikitua juu ya sahani ya diski.

Aliyekosa magazeti ya nyuma, ashike hapa. Boti ya Gaspard ilizama ikielekea Moba, imejaza watu wa arusi na magunia. Waliokufa tumewazika. Nahodha wake, Onésime, mwana wa Mama Henriette, aliokolewa akiwa ameshikilia ubao. Gaspard akasimama mbele ya jaji, mkono juu, akaapa kwamba yeye alikataza boti isitoke na kwamba nahodha alikuwa amelewa. Onésime akafungwa.

Lakini Ruffin, mpiga video wa arusi, alikuwa ufukoni asubuhi ile. Hakupanda boti. Kamera yake iliona na kusikia kila kitu, naye akahifadhi picha kwenye diski ya kubebeka na kufuta kadi ya kamera, kama anavyofanya siku zote ili apate nafasi ya kazi nyingine. Watu wa Gaspard walipomfukuza kwa pikipiki, diski ilimponyoka juu ya daraja la Lukuga ikapiga chuma. Ruffin amekimbilia Kirungu, huko milimani, na simu yake haipatikani. Diski ilifika kwa Edmond ikilia tak, tak, tak, na fundi yeyote akisikia mlio huo anajua vichwa vya kusomea vimevunjika.

Kwa hiyo maisha ya Onésime yalikuwa chini ya chandarua kile, na sasa vumbi nalo lilikuwemo.

Edmond hakupuliza. Pumzi ya mtu ina mate, na mate ni mabaya kuliko vumbi. Alichukua kipira cha kunyonyea makamasi ya mtoto, akakiosha kwa pombe ya dawa, akakiminya mara moja pembeni ya sahani. Chembe ikaruka. Ikaenda wapi, hakujua.

Ndipo akapiga makofi akiwa na glavu. Kwa, kwa, kwa.

"Asante, kiti," Mama alisema, akaanza kulia.

Falone aliingia mbio kutoka nje, alikokuwa akilinda njia. Akamkalisha mama yake chini, kisha akajongea kwenye pazia bila kuligusa.

"Edmond, umefika fasi gani?"

"Nimetosha vichwa vya zamani inje. Sasa naweka vingine."

"Unaogopa?"

"Sana. Usinisemeshe."

Alikuwa na diski nyingine, pacha wa ile, iliyovuka ziwa kutoka Kigoma ndani ya furushi la mchuuzi wa nguo. Vichwa vyake ni vidogo kuliko punje ya ulezi. Vikigusana vimekwisha, na vikigusa sahani, sahani imekwisha. Edmond alikuwa amekata vipande vyembamba vya plastiki kutoka kwenye jalada la shule ili kuvitenganisha. Sakafu ilikuwa imemwagwa maji, kuta zimening'inizwa vitenge vibichi ili vumbi lishikwe. Jasho lilimtoka, naye alilifuta kwa bega, kwa maana tone moja tu lingetosha.

Vichwa vikakaa. Akafunga mfuniko. Akachomeka waya.

Kimya.

Falone alishika msalaba wake shingoni. Mama Henriette aliacha kulia. Hata mimi ninayewasimulia nilibana pumzi.

Diski ikaanza kuzunguka. Sauti nyembamba, kama nzi aliye mbali. Hakuna tak. Hakuna tak hata moja.

"Inasoma," Edmond alinong'ona. "Falone, inasoma!"

Hakusema mengine, kwa sababu alijua jambo ambalo mkewe hakulijua. Diski iliyojeruhiwa ikifufuka haifufuki kwa muda mrefu. Ile sahani ilikuwa na mkwaruzo, na kila mzunguko vichwa vipya vilipita karibu na kidonda. Hakuwa na nafasi ya kunakili yote. Aliielekeza programu kwenye picha za ufukoni tu, na kuiambia iziandike moja kwa moja kwenye kle, kile kijiti kidogo cha kuhifadhia, kwa sababu ordinateri yake kuukuu ilikuwa imejaa kazi za wateja hadi shingoni.

Picha zikaja. Kwanza mapambo ya arusi, kisha wanawake wakiimba, kisha maji.

Onésime alikuwa amesimama ndani ya ziwa, maji kiunoni, mikono ameitandaza mbele ya boti. Hakuwa amelewa. Sauti ilikuja ikikatika lakini ikasikika.

"Papa Gaspard, apana. Upepo wa Moba munauona? Boti imejaa. Mimi sitoke."

Na Gaspard mwenyewe, miwani juu ya paji la uso, akajibu kwa utulivu wa mtu anayeagiza chai:

"Mimi njo mwenye boti. Washa moteri, ao nitamupatia mwingine na weye urudi kulala njaa. Washa."

Mama Henriette hakuiona picha, maana alikuwa upande wa pili wa pazia. Lakini sauti ya mwanawe aliisikia. Aliziba mdomo kwa mikono miwili.

"Iko anakataa," alisema. "Mwana wangu alikataa. Jamani, alikataa!"

Krrrr.

Edmond aliruka. Krrrr, ikalia tena, mlio wa kisu juu ya sahani ya bati. Akachomoa waya, lakini diski ilikuwa imeshajimaliza. Alipoichomeka tena haikuzunguka hata kidogo.

"Imekufa," alisema. "Hii hairudi tena."

"Na sauti? Na ile neno ya Gaspard?"

Akaangalia kle. Mwanga wake mdogo ulipepesa, ukatulia. Ufuko ulikuwemo. Onésime alikuwemo, na maneno ya Gaspard yalikuwemo. Duniani kote hapakuwa na nakala nyingine.

"Ngoja niweke ingine mu telefone," Edmond alisema, akanyoosha mkono.

Umeme ukakatika.

Tumezoea, si ndiyo? Kwa kawaida tunasonya tu na kuendelea na kazi. Lakini katika kimya kile, feni ya ordinateri imesimama, kioo chake kimezimika, ndipo walipoisikia gari ikipanda kutoka upande wa bandari. Wote watatu waliijua sauti ya gari ile. Kalemie nzima inaijua.

Falone alichomoa kle, akainama, akaifunga kwenye ncha ya kitenge cha mama yake.

"Mama, pitia nyuma, fasi banaanikaka samaki ya ndakala. Ujifiche kati ya bale bamama. Gari yake ikienda, urudishe kle ku kiti."

"Niipeleke ku tribinali, kwa jaji, mimi mwenyewe!"

"Njia ya tribinali inapita mbele ya depo ya Gaspard, Mama. Bantu yake banakujua. Rudisha ku kiti, na usipatie muntu mwingine. Paka mukwe wako peke yake. Umesikia?"

"Paka mukwe wangu," Mama alirudia, na akatoka kwa mlango wa nyuma kwa haraka ambayo sikuitarajia kwa mwanamke wa umri wake.

Edmond alitoka nyuma ya pazia, akavua kandambili, akaziacha hapo. Hodi ilibishwa kwa adabu. Hilo ndilo lililowatisha zaidi.

Gaspard aliingia amevaa suti ya rangi ya maziwa, na manukato yake yakatangulia kufika. Ni manukato makali na matamu, yanayobaki chumbani hata baada ya mwenyewe kwenda. Nyuma yake alikuja dereva, mabega kama mlango. Na je, mnajua Gaspard alifanya nini kwanza? Alivua viatu vyake bila kuambiwa. Akavaa zile kandambili za buluu.

"Nyumba ya muntu iko na sheria yake," alisema. "Edmond, mutoto wangu. Falone, mama. Munaendelea vizuri?"

"Muzuri, Papa," walijibu. Falone hakuisikia hata sauti yake mwenyewe.

"Kuko diski moja bantu banasumbua nayo kichwa yangu. Banasema iko apa. Mimi nimekuya niione kwa macho, ili nisisingizie muntu bongo."

Edmond hakupigana. Angepigana na nani? Alionyesha meza. Gaspard aliifungua diski kwa vidole vyake vizito, akaichomoa ile sahani inayong'aa, akaiinua mbele ya uso. Kwa muda alijitazama humo, akarekebisha masharubu. Kisha akatoa ufunguo wa gari na kuupitisha juu ya sahani, taratibu, kutoka katikati hadi ukingoni.

Falone alifumba macho. Diski ilikuwa imeshakufa, lakini mlio ule ulimuuma kama unapita kwenye ngozi ya kaka yake.

"Na ordinateri nayo itakuya na mimi. Dereva, beba. Edmond, nitakununulia ingine ya mupya."

"Aksanti, Papa," Edmond alisema. Aibu ilimpata, lakini aibu haiui.

Gaspard alikuwa ameshageuka aondoke. Lahaula! Laiti angeondoka. Jicho lake likaangukia sahani ya chakula juu ya kile kiti, bado ina ganda la ugali.

"Hii ya nani?"

"Ya Mama," Falone alisema.

"Mama Henriette? Iko wapi? Nimusalimie."

Ndugu wasomaji, hofu ina namna mbili. Kuna hofu inayofunga mdomo, na kuna hofu inayoufungua kama bomba. Falone alipata ile ya pili.

"Ameenda, Papa. Yeye haingiaka mu ile pazia, iko bukwe. Anaachaka vitu ku kiti, anaenda. Na Edmond hata sura yake Mama hajaionaka. Anajuaka paka kambambili."

Ulimi huponza kichwa. Safari hii uliponza cha mtu mwingine.

Gaspard alitazama chini, kwenye miguu yake. Alizitazama zile kandambili, kamba iliyofungwa kwa waya mwekundu.

"Kumbe," alisema kwa upole. "Bado kuko bamama ya heshima hivi mu Kalemie? Mama yangu alikuwa vile. Mukwe akikohoa, yeye anakimbia jikoni."

Akacheka. Edmond akacheka naye kwa woga. Na walipokuwa wanacheka, mkono wa Gaspard ulipita juu ya meza, ukaokota kitu kidogo, ukakitia mfukoni. Edmond hakuona, Falone hakuona. Mimi niliona. Kilikuwa kifuniko cha kle.

Akavua kandambili, akazipanga vizuri mbele ya pazia, akavaa viatu vyake, akaaga kwa majina. Nje, mlango wa gari ukapigwa. Gari ikanguruma, ikashuka kuelekea bandarini. Nani alikuwa ndani yake, hakuna aliyechungulia.

Falone alianguka kwenye benchi akilia na kucheka. "Ameenda! Edmond, amekwaruza diski yenye ilishakufa!"

"Kimbia kwa Maître Mélanie, avoka anayemutetea Onésime," Edmond alisema. "Ambia yeye akuye na ordinateri yake. Tunaweka kle mu mashini yake, tunaenda mbele ya jaji. Mimi nangoja Mama."

Falone alikimbia. Edmond alibaki peke yake, amevaa kandambili, akisubiri nyuma ya pazia lake. Alisikia kila kitu: bati likilia kwa jua, pikipiki, wanawake wa ndakala wakibishana. Mama hakuja. Kwa nini hakuja? Ninawaambia: kwa sababu bamama wa ndakala walikuwa wamemwonya asitoke mpaka vumbi la gari litulie. Busara, hiyo. Ndiyo iliyomponza.

Simu ikalia.

"Edmond!" Ilikuwa sauti ya Falone. "Maître iko na mimi ku tribinali. Greffier, ule karani wa tribinali, anasema bila saini ya ule alifungua diski, hapana kuingiza ushahidi. Na yeye anafunga biro sasa hivi, anaenda kula. Kuya weye mwenyewe! Kuya mbio!"

"Na Mama?"

"Mama atakukuta. Tunarudi wote na Maître. Kuya, Edmond, banafunga!"

Angefanya nini? Bila saini, kle ni takataka. Alivua kandambili, akazipanga mbele ya pazia, akavaa viatu vyake vyeusi vya kanisani, vile vya kamba, kwa sababu ofisini hawamwingizi mtu wa kandambili. Mlango hakuufunga kwa kufuli, ili Mama asikwame nje. Akadaka pikipiki.

Haraka haraka, mnajua yanayofuata.

Mama Henriette alitokea kwa mlango wa nyuma akiwa na harufu ya ndakala kichwani na ncha ya kitenge ameikaza kwenye ngumi. Karakana ilikuwa kimya. Umeme bado haujarudi, na ndani mlikuwa na giza la mchana. Macho yake, kwa desturi, yalikwenda sakafuni.

Chini ya pazia, zilisimama kandambili za buluu. Waya mwekundu. Na ndani ya kandambili, miguu ya mtu.

Alipumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akageuza uso ukutani.

"We kiti," alisema, "ambia mukwe wangu nimeleta."

Kandambili zilisogea hatua moja.

Kwa, kwa, kwa.

"Kiti, ambia yeye nilimuombea Onésime juu ya magoti. Ambia yeye mimi nilikuwa nasema fundi wa mashini hawezi kuoa mutoto wangu. Nilikosa. Leo anarudisha mwana wangu ku nyumba."

Kwa, kwa, kwa.

Akafungua fundo. Fundo likakataa, akalifungua kwa meno. Akaiweka kle juu ya kiti, hapo alipozoea kuweka sahani za mboga, na akarudi nyuma akiwa ameinama. Mkono ulitoka kwenye pazia. Mama hakuutazama, kwa maana ni haramu. Alisikia tu kiti kikikwaruza sakafu kidogo, na puani akapata harufu tamu.

Akatabasamu ukutani.

"Kiti, ambia mukwe wangu leo ananukia muzuri. Aende vile mbele ya bajuji ku tribinali, bamuheshimu."

Safari hii makofi yalichelewa kidogo. Kisha: kwa, kwa, kwa.

Mama Henriette alitoka mlango wa mbele akiwa mwepesi kama msichana. Jua lilimpiga machoni. Pikipiki mbili zilikuwa zimesimama hapo hapo, na Falone alishuka akamkimbilia, na mwanamke wa joho jeusi nyuma yake, na mwanamume mmoja. Mama aliona viatu vya mwanamume huyo: vyeusi, vya kamba, vimejaa vumbi. Karani wa tribinali, aliwaza, au msaidizi wa avoka.

"Mama! Iko wapi?" Falone aliuliza.

"Nimesharudisha. Nimepatia mukwe wangu."

"Mukwe gani?"

"Unaniuliza mukwe gani? Niko na bangapi? Iko mule ndani, nyuma ya pazia yake. Amenijibu muzuri."

Falone alimgeukia yule mwanamume aliyekuwa nyuma yake.

Vile viatu vyeusi vilipiga hatua moja mbele, hatua ambayo hakuna mkwe anayeipiga kuelekea mama mkwe wake. Na sauti ambayo Mama Henriette hajawahi kusemeshwa nayo tangu aoze binti yake ikasema:

"Mama. Mimi njo Edmond. Mimi niko apa."

Mama alitazama viatu. Alitazama suruali yenye madoa ya risasi ya kuchomelea, mikono iliyo na alama za glavu, shingo inayotweta. Miaka yote ile macho yake yalikuwa yakikomea miguuni. Leo hayakukomea hapo. Aliinua macho hadi juu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akauona uso wa mkwe wake: uso wa kijana, mwembamba, una kovu dogo juu ya nyusi, nao ulikuwa unalia.

"Basi ule…" Mama alisema. "Ule mule ndani…"

Ndani ya karakana, nyuma ya pazia, mtu alipiga makofi taratibu. Kwa, kwa, kwa.